Koti jipya la bei mbaya, mishono inaachia: nimpe fundi au nimwambie dada aliyenitumia?

sakina_juu (mleta uzi), Juni 4, saa 3 usiku

Wakuu habari za usiku. Naombeni mnisome hadi mwisho. Jambo lenyewe ni la sindano na uzi, lakini siku ya tatu hii limeninyima raha.

Dada yangu mkubwa yuko Uingereza, kazi yake ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka jana alikuja likizo mwezi wa saba, akanikuta natoka nyumbani saa 11 alfajiri kwenda zamu hotelini, nimejitanda kitenge juu ya sweta. Watu wa Arusha mnaijua Julai yetu, Mlima Meru huuoni mpaka jua limepanda na baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Hakusema kitu. Mwezi uliopita akaninunulia koti la sufu, la mbunifu mwenye jina kubwa (silitaji), paundi 420, akampa mtu wa kanisani kwao aliyekuwa anashukia uwanja wa ndege wa KIA. Lilinifikia Mei 29.

Koti zuri, jamani. Sufu nzito ya kahawia, bitana inateleza kama maji, na bega limekaa kana kwamba fundi alinipima mwenyewe. Nimelivaa mara mbili. Mara ya pili, wakati nalitundika, ndipo nikaona kwapa la kushoto kwa ndani bitana imeachia, vidole vitatu vinapita. Nikaanza kulikagua lote. Mfuko wa kulia mshono wa juu umeruka, uzi unalala mrefu juu ya kitambaa halafu unashika tena mbele. Nyuma kuna uzi unaning'inia kwenye pindo, na pindo lenyewe hapo limelegea. Kifungo cha pili kinacheza. Kwenye mpasuo wa nyuma kuna uzi mweupe umeshonwa msalaba, mbaya kabisa, hata haufanani na rangi ya koti. Na katikati ya mgongo kwa ndani bitana imekunjwa, imezidi, kama walikata kubwa wakaona uvivu kuipunguza.

Mama anasema zawadi haitolewi kasoro, niende kwa fundi nikae kimya. Mimi nami naona aibu kumwambia dada, maana najua ni zamu ngapi za usiku zimeingia kwenye koti lile. Lakini paundi 420! Nifanyeje?

mangi_wa_majengo, Juni 4, saa 3:40 usiku

Dada, hapo hakuna kesi. Mpelekee fundi mzuri, elfu kumi au kumi na tano, kesho unavaa. Sisi huku Moshi tukinunua koti la mtumba soko la Memorial au Kiboriloni tunalipitisha kwa fundi kwanza ndipo linaingia kabatini. Mama yako amesema kweli. Mtu amekukumbuka akiwa mbali, halafu unampigia simu kumwambia kitu chake kibovu? Mimi nisingeweza.

fundi_kibarazani, Juni 4, saa 4:25 usiku

Mkuu wa Moshi, la mtumba ni sawa, umelinunua ukijua limetoka kwa mtu. Hili ni jipya, na kuna duka huko lililopokea pesa kamili. Dada, kabla hujampa mtu koti hilo nisikilize. Nipo kibarazani Kaloleni mwaka wa 22 huu, na makoti ya namna hiyo hunijia kila baridi ikianza, mengi yakiwa yameshaharibiwa na mtu aliyetaka kusaidia.

Msalaba wa nyuma si mshono wa koti. Ni bandi ya kiwandani, yaani mshono wa muda, wanaufunga mpasuo usijikunje koti likiwa njiani. Unakatwa kabla ya kuvaa. Kuna watu wanatembea nao mgongoni mwaka mzima, na kile kitambaa cha nembo kilichoshikizwa juu ya mkono pia wamekiacha, wakidhani ni pambo. Hicho nacho huondolewa. Na ukikuta mifuko haipitishi mkono, kwanza chungulia, mara nyingi nayo imefungwa kwa bandi tu ili ibaki imelala.

Kunjo la bitana mgongoni pia si kosa. Ukinyoosha mikono mbele, kushika usukani au kumbeba mtoto, mgongo unataka nafasi, na bitana haivutiki kama sufu. Nafasi yenyewe ndiyo hilo kunjo. Nililetewa koti ambalo fundi mwingine alilibana hapo "likae vizuri". Mwenye koti kupanda bodaboda tu, bitana ikapasuka kuanzia shingoni. Vilevile ukigeuza mkono mmoja ukakuta bitana imeshonwa kwa juu kipande kifupi, mshono unaonekana, usidhani ni kiraka. Koti hupinduliwa kupitia tundu hilo likiwa linamaliziwa, kisha linafungwa.

Zinabaki nne, na hizo ni kasoro kweli.

Uzi wa pindo USIUVUTE. Mapindo ya makoti mengi hushonwa na mashine ya uzi mmoja, kila kitanzi kinashikwa na kitanzi kinachofuata. Umewahi kufungua mfuko wa unga wa kilo 25? Ukipata uzi wa upande wake, ukivuta mara moja mdomo wote uko wazi. Pindo lako limeshonwa vivyo hivyo. Pitisha uzi kwenye sindano, ufunge fundo kwa ndani, basi. Hata kuukata bila kufunga ni hatari.

Kwapa liangalie kesho juani. Kama uzi wa mshono umekatika, utaona matundu ya sindano yamejipanga na kitambaa kizima. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Lakini kama uzi wa mshono upo na nyuzi za bitana yenyewe ndizo zimeteleza, imebaki kama ngazi, nyuzi za upande mmoja tu, basi bitana ni laini mno au akiba ya mshono, kile kitambaa kinachobaki ukingoni, waliyoacha ni ndogo. Ukishona palepale litaachia tena.

Mshono wa kuruka kwenye mfuko ndio ushahidi wako mkubwa. Unatokana na sindano butu, au iliyopinda, au nyembamba kuliko kitambaa, ikashindwa kuuchukua uzi wa bobini kwenye sufu nene. Mvaaji hawezi kusababisha hilo hata avae koti miaka kumi. Limezaliwa nalo.

Kwa hiyo mimi fundi nakwambia usilete kwanza kwa fundi. Nikishafumua, hakuna mtu dukani atakayejua nani alifanya nini. Piga picha, zungumza na aliyelinunua, kisha uje.

sakina_juu, Juni 5, saa 7 mchana

Fundi, Mungu akubariki. Jana usiku nilishakuwa nimeushika ule uzi wa pindo kwa vidole viwili, nikasema ngoja nisome majibu kwanza.

Nimelitoa juani. Kwapa ni ngazi kama ulivyosema, uzi wa mshono upo mzima umekaa peke yake hewani na nyuzi za bitana zimekimbia pembeni. Mfukoni nimehesabu sehemu tano zilizoruka. Na mkono wa kulia kwa ndani nimekuta ule mshono mfupi wa juu, ambao ningeuongeza kwenye orodha ya lawama. Msalaba nimeukata kwa mkasi wa kucha, mpasuo umefunguka, koti limeanguka vizuri zaidi. Nimepiga picha 11.

Sasa la kumwambia dada ndilo limebaki, na mama bado hataki.

aliyerudi_manchester, Juni 5, saa 12 jioni

Habari dada. Niliishi Manchester miaka 9, sehemu kubwa nikiwa stoo ya duka la nguo, upande wa bidhaa zinazorudishwa. Naomba nikwambie kitu ambacho mama hajui, na si kosa lake.

Kule wana Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015. Bidhaa ikiwa na kasoro, mnunuzi ana siku 30 za kuikataa na kurudishiwa fedha yote. Zikipita, haki haijafa ila inapungua. Duka linapata nafasi moja ya kulitengeneza au kubadilisha, na likishindwa ndipo mnazungumza kurudishiwa fedha au kupunguziwa bei. Katika hatua hiyo ya matengenezo, kasoro iliyoonekana ndani ya miezi 6 inahesabiwa ilikuwepo tangu siku ya kwanza, mpaka duka lithibitishe vinginevyo. Watu huchanganya hiyo na zile siku 14 za kughairi. Zile ni za kununua mtandaoni, unaghairi hata kama kitu ni kizima, umebadili mawazo tu.

Sasa angalia hapa. Siku 30 hazianzi siku koti lilipokufikia huko Sakina, Arusha. Zinaanza siku mnunuzi alipolipokea. Na mwenye dai ni dada yako, si wewe. Jina lake ndilo liko kwenye risiti, kadi yake ndiyo iliyolipa. Wewe ukiandika duka hilo barua nzuri namna gani, watakujibu kwamba hawakujui. Kila siku unayonyamaza kwa kumheshimu, ni siku yake inayokatwa. Alinunua tarehe ngapi?

sakina_juu, Juni 5, saa 1 usiku

Risiti ilikuwa mfukoni. Mei 17, alichukua dukani mwenyewe.

aliyerudi_manchester, Juni 5, saa 1:10 usiku

Basi mwisho ni Juni 16. Zimebaki siku 11. Na usilivae tena.

binti_rau, Juni 5, saa 2:30 usiku

Uzi huu umenigusa, nami niongeze la hapa nyumbani, maana wengi hatuna dada Ulaya.

Mwaka jana nilinunua jaketi jipya duka la mjini Moshi, 145,000. Wiki ya kwanza mshono wa bega ukafunguka wote. Nikarudi, yule kaka akanionyesha maandishi ukutani: BIDHAA IKIUZWA HAIRUDISHWI. Nikatoka nimenywea. Binamu yangu anasomea sheria, akanifungulia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Ukinunua kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, kuna sharti, hata lisipotamkwa, kwamba bidhaa iwe ya ubora unaokubalika sokoni. Ila kuna mahali wengi tunaangukia. Kama uliikagua kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha huwezi kuilalamikia. Ndiyo maana siku hizi nageuza nguo ndani nje palepale dukani, navuta mshono wa bega na wa kwapa kwa dole gumba mbele ya muuzaji, na nachukua risiti ya EFD, ile ya mashine, hata foleni iwe ndefu.

Nilirudi na risiti na ile sheria kwenye simu, nikamwambia kwa upole kwamba sitaki ugomvi, na kwamba malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani, ile iliyoanzishwa na Sheria ya Ushindani ya 2003. Aliniita pembeni, akanibadilishia. Mpaka leo napita tunasalimiana.

mangi_wa_majengo, Juni 5, saa 3 usiku

Nimewasoma wote. Hilo la siku sikulijua. Dada mleta uzi, nafuta ushauri wangu wa jana.

mama_tengeru, Juni 6, saa 12 asubuhi

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa. Nina watoto wawili nje, nitakueleza upande wetu sisi tunaopokea.

Mama yako anaogopa kitu kimoja, kwamba mtoto aliye mbali akisikia neno la kasoro atadhani hatukushukuru. Woga huo ni wa kweli, usiudharau. Lakini hapa aliyekosewa ni dada yako. Yeye ndiye aliyelipia koti zima akapewa lenye mishono ya kuruka. Ukinyamaza, unamfichia mtu aliyedhulumiwa.

Usianze na kwapa. Anza na ile asubuhi ya kwanza ulipolivaa, ulivyotoka nje baridi isikuguse. Hayo ni kweli, mwambie. Kisha mwambie, "Dada, hela yako hawakuitendea haki, nimeona nikuambie mapema kabla muda haujapita." Halafu mwache aongee. Na mpigie, usiandike meseji. Maneno kama haya yakisomwa bila sauti huumiza.

sakina_juu, Juni 9, saa 4 usiku

Shikamoo mama. Nimefanya kama ulivyonielekeza, na naandika hapa macho yakiwa bado mekundu.

Nilimpigia leo Jumatatu, siku yake ya kupumzika. Nikamweleza ile asubuhi, akacheka kwa furaha. Nikamweleza koti. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Akauliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu Jumatatu iliyopita. Akasema, "Wiki nzima unakaa nalo moyoni?"

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Miaka mitatu iliyopita alimtumia mama viatu vya ngozi vya kanisani. Mama alimwambia vimemfaa sana, anavivaa kila Jumapili. Mwaka jana alipokuja likizo, akiwa anafagia chumbani kwa mama, akavikuta chini ya kitanda ndani ya boksi, soli ya mguu wa kulia imebanduka nusu. Mama alivivaa Jumapili mbili tu. Dada akavirudisha chini ya kitanda, akaendelea kufagia, na hakuna kati yao aliyesema. "Nilivyorudi huku," akaniambia, "kila nikitaka kumnunulia kitu najiuliza, hiki nacho kitalala chini ya kitanda?"

Sikuwa na jibu. Nimemtumia picha zote 11 na risiti. Ameandikia duka usiku huu huu.

binti_rau, Juni 9, saa 4:20 usiku

Jamani mama zetu. Wangu naye ana boksi la namna hiyo.

fundi_kibarazani, Juni 10, saa 2 asubuhi

Pole na hongera dada. Picha ya mfuko dada yako aitangulize.

sakina_juu, Juni 21, saa 9 alasiri

Mrejesho, wakuu. Duka lilijibu siku ya pili. Kwanza walisema kwapa limetokana na kuvaa. Dada akawarudishia picha ya mfuko na maelezo ya fundi kuhusu sindano, akaandika pia tarehe ya kununua na kwamba bado yuko ndani ya siku 30. Hapo lugha ikabadilika. Wakampa njia mbili, koti lirudi arudishiwe fedha yote, au libaki kwetu wamrudishie paundi 150.

Dada akaniachia mimi nichague. Nilikaa nalo usiku kucha. Kulirudisha ni kumtafuta tena mtu wa kusafiri nalo, na baridi ndiyo hii. Nikamuuliza fundi hapa kwa ujumbe binafsi kama litatengenezeka likae miaka, akasema nilete alione. Jumamosi iliyopita nikaenda Kaloleni. Akaligeuza lote, akalivuta kila mahali, akasema sufu ni nzuri na mwili wa koti umeshonwa kwa heshima, waliokosea ni wa bitana na wa mfuko. Nikamwambia dada tulibakize. Fedha imeingia kwake juzi.

Naeleza alivyofanya kwa faida ya wengine. Kwapani hakushona palepale. Angeingiza mshono ndani zaidi mkono ungenibana, kwa hiyo alikata ukingo uliochoka, akatia kikwapa, kile kipande cha pembe kama cha kanzu, na nyuma ya mshono akabandika utepe mwembamba wa gamu ili nyuzi zisikimbie tena. Kwa tahadhari akafanya na kwapa la kulia. Mfuko aliufumua mshono wote wa juu, akaweka sindano namba 16 na uzi wa polista, akapita taratibu kwa gurudumu la mkono kwenye sehemu nene. Akalowesha kitambaa cha pamba, akakilaza juu na kupiga pasi ya mvuke bila kusugua, na matundu ya zamani kwenye sufu yakajifunga mbele ya macho yangu. Kifungo alikishona juu ya njiti ya kiberiti, akaichomoa, kisha akauzungusha uzi chini yake kikapata shingo. Anasema kifungo cha koti kikilala juu ya kitambaa bila shingo, kila ukifunga unakivuta. Pindo alilifunga mwenyewe kwa mkono kutoka kwenye lile fundo langu.

Nimelipa 35,000 na sikuomba punguzo.

mangi_wa_majengo, Juni 21, saa 10 jioni

Fundi, swali. Nina jaketi la ngozi mshono wa ubavu umeruka vilevile. Nalo matundu yatajifunga kwa mvuke?

fundi_kibarazani, Juni 21, saa 12 jioni

Hapana mangi. Ngozi ikitobolewa imetobolewa, na mvuke utaiharibu. Hata makoti ya mvua yenye mpako ni hivyo hivyo. Hapo fundi anatakiwa arudi kwenye matundu yaleyale moja moja, na asiyejua atakuongezea mstari wa pili na ngozi itachanika kama karatasi ya stempu. Kama ni jipya, anza na duka.

Dada, kifungo cha tatu nacho kiangalie baada ya mwezi. Nilikiacha kwa sababu kilikuwa kimeshika, lakini hakina shingo.

mama_tengeru, Juni 21, saa 2 usiku

Na viatu vya mama, mwanangu?

sakina_juu, Juni 21, saa 2:15 usiku

Viko kwa fundi viatu tangu Alhamisi, mama. Alivitoa mwenyewe chini ya kitanda akanipa nimpelekee. Jana usiku akaomba simu, akampigia dada, akaingia nayo chumbani akafunga mlango. Walizungumza zaidi ya saa nzima.